Mwanangu, mwezi mtupu umeuweka wapi?

Mwanangu,

Jedwali lako la hesabu za nyumba unayotaka kununua upangishe limefika. Mdogo wako alinisomea kwenye simu nami nikalinakili lote daftarini, mstari kwa mstari, maana macho yangu siku hizi hayaziwezi tarakimu ndogo. Nimelipitia jana usiku, nikalirudia leo alfajiri. Bei ya nyumba ipo, malipo ya awali yapo, rejesho la mkopo lipo, ada ya wakili ipo, na kodi ya pango umeizidisha mara 12. Nikatafuta mstari wa mwezi mtupu, ule ambao mpangaji mmoja kaondoka na mwingine hajaja. Nikamwambia mdogo wako aanze kusoma tena tangu juu, labda ameruka. Haupo.

Unatia saini mwisho wa mwezi, ndiyo maana naandika, singoji uje. Kwenye simu unanijibu upesi, "sawa baba, nimekuelewa," nami nabaki sijui kama umenielewa au umenichoka.

Nikupongeze kwanza, nisije nikasahau. Kile kiwanja cha mwanzo ulifanya vema kukiacha. Ulikwenda mwenyewe kwa msajili wa ardhi, ukapekua hati, ukakuta pingamizi la ndugu wa muuzaji, na dalali bado anakuhimiza kwamba ni jambo dogo, litakwisha. Wengi wa umri wako wangekuwa wameshatoa arubuni. Nilimwambia mama yako, huyu mtoto ana kichwa. Na hii ya sasa umeipekua, umempeleka mpima akahakiki mawe ya mipaka, umewauliza majirani maji hutuama wapi mvua ikinyesha. Mimi hayo sikuyafanya. Tena umechagua mtaa unaoujua, mahali unapofika kwa miguu, ukaone mwenyewe bomba linalovuja badala ya kusimuliwa.

Lakini akiba iko wapi?

Nimejumlisha malipo ya awali, ushuru wa kuhamisha hati na ada ya wakili. Jumla inalingana na fedha zote ulizonitajia kuwa unazo benki. Yaani siku utakayokabidhiwa funguo hutakuwa na kitu, na rejesho la kwanza linakungoja baada ya siku 30. Umetegemea mpangaji aingie siku hiyo hiyo, alipe kwa wakati, asihame, na choo kisizibe.

Mwezi mmoja mtupu katika mwaka unakula karibu asilimia 8 ya kodi yote, hata kabla hujabadilisha kitasa. Wenye nyumba waliozoea hutenga tena kama asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, na nyumba kuukuu hudai zaidi. Weka bima. Weka kodi ya jengo. Weka rangi, maana kila anayehama huacha kuta zinazotaka rangi. Wako wanaokadiria kwa nusu: katika kila 100 ya pango, 50 wanaihesabu imeshakwenda kwenye gharama hizo na miezi mitupu, halafu ndipo wanatazama kama 50 iliyobaki inatosha rejesho. Ni makadirio tu, nyumba hazifanani. Ila yaingize kwenye jedwali lako uone ile faida uliyoipigia mstari inavyogeuka kuwa deni la kila mwezi, la kulipwa kutoka kwenye mshahara wako.

Umesema mambo yakiharibika utaiuza, kwa sababu nyumba haishuki bei. Nani kakuambia? Marekani bei za nyumba zilishuka kwa zaidi ya robo kati ya 2006 na 2012, na watu wengi wakajikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba wanayolala. Japani baada ya 1991 bei za ardhi zilishuka kwa miaka zaidi ya kumi. Na hata bei ikisimama pale pale, tazama mkopo wenyewe. Nimechukua mfano wa 100 kwa riba ya asilimia 10, miaka 20. Rejesho la kwanza, karibu asilimia 86 ni riba tupu. Ukilipa miaka 5 bila kukosa hata mara moja, umeshatoa karibu 58, na deni bado ni kama 90. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa sababu sikuamini. Kwa hiyo ukiuza mapema, ukimlipa dalali na ushuru, kinachobaki mkononi ni kidogo sana. Pia uliza kama riba yako inaweza kubadilika. Mfano huo huo ukipanda kutoka 10 hadi 13, rejesho linapanda kwa zaidi ya moja ya tano, na mpangaji wako hawezi kukuongezea kodi kwa ajili ya hilo.

Ya ile nyumba yetu ya zamani tuliyokuwa tukiipangisha sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Lakini naona hata leo unaamini ni yule mpangaji wa mwisho aliyetuponza. Ulisema hivyo juzi mbele ya mdogo wako, sikukusahihisha, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Alikuja mlangoni jioni ameshika kipande cha dari kwa mikono miwili. Kilikuwa kimelowa, kinapukutika kwenye viganja vyake kama karatasi iliyokaa majini. Akasema, "Baba, hiki kimeanguka kitandani kwa mtoto." Hakupandisha sauti. Nikamwambia avumilie hadi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika mara tatu. Alipohama aliomba amana yake, na alikuwa na haki, ila amana nilikuwa nimeilipia rejesho la nyuma. Nilimlipa kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima. Nyumba ikakaa tupu miezi saba, kwa sababu hakuna mtu anayepanga chumba chenye dari wazi, nami sikuwa na fedha ya kuziba. Mengine unayajua. Na ule muhula uliokaa nyumbani tukakuambia shule imejaa, haikuwa imejaa.

Basi amana ya mpangaji iweke kwenye akaunti yake peke yake, usiichanganye na yako hata siku moja. Andikisha mkataba, pigeni picha vyumba vyote pamoja siku anayoingia, nakala abaki nayo. Mpangaji akikuambia paa linavuja, nenda siku hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba anakulindia mali yako.

Na akiba. Najua utasema nimesema. Miezi 6 ya rejesho na gharama zote, mbali na fedha yako ya dharura, isiyoguswa hata kwa harusi. Kama leo huwezi kuipata, basi leo huwezi kununua nyumba hiyo, hata kama benki imekubali. Benki inapima kama utalipa, haikuulizi utaishije. Muulize muuzaji akusogezee tarehe. Au tafuta ndogo zaidi. Au kama ile ina vyumba vya pande mbili kama ulivyonieleza, kaa upande mmoja upangishe wa pili, uache kulipa pango la kwako. Hilo pekee linaweza kukujazia akiba ndani ya mwaka au miwili. Najua hutaki, umesema nyumba za kukaa na mpangaji ukuta kwa ukuta ni za kizamani. Sikubaliani nawe, ila ni nyumba yako.

Mdogo wako naye amenishika masikio na hisa za kampuni za majengo, zile zilizowekewa sheria Marekani mwaka 1960 ili mwenye fedha kidogo naye apate sehemu ya pango. Anasema ungeanzia huko. Mimi sijui kama ndicho unachotaka, wewe tangu zamani unapenda kitu unachoweza kukigusa. Zungumzeni wenyewe, mkipatana saa nyingine, maana kila mkipigiana simu mnagombana na mama yenu ndiye anayeumia.

Mama yako goti limepungua kuvimba. Anatembea hadi langoni bila fimbo, ila ngazi bado. Amekuwekea yale mapazia mawili ya bluu, anasema yatatosha dirisha la mbele la hiyo nyumba. Nikamwambia hujasaini, akasema atayakunja tu yangoje. Pampu ya maji nimeibadilisha mwenyewe. Na paa juu ya chumba chako limeanza kudondosha pale kwenye kona ya kabati, matone tu, nimeweka ndoo. Fundi anakuja Jumamosi asubuhi. Fedha yake ipo, nimeitoa kwenye bahasha ya nyumba. Siku hizi natia kitu kila mwezi hata kama ni kidogo. Vitabu vyako tumevihamishia sebuleni, havikulowa isipokuwa ile kamusi.

Uje Jumamosi hiyo kama unaweza, upande na fundi uone paa linavyofunguliwa na uulize bei ya kila kitu. Njoo na jedwali. Mstari wa 13 nimeuacha wazi kwenye nakala yangu.

Baba yako