Lisbon, mgeni huliwa mezani

Mhariri,

Makala za safari kuhusu Lisbon huja na picha zile zile: tramu ya manjano, Mnara wa Belém, na kile kikeki cha krimu kiitwacho pastel de nata. Picha zapendeza, lakini hazimfai msomaji wa Mombasa, Kigamboni au Muscat anayepanga kwenda kwa pesa zake mwenyewe. Huyo anataka kujua pesa zinapotelea wapi na siku inaharibikaje. Kwa Lisbon, mengi ya hayo hutokea mezani.

Tuanze na mkate. Ukishakaa tu, kabla hujaagiza, mhudumu analeta mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini. Si takrima. Huitwa couvert, na kila kisahani kina bei yake. Sheria ya Ureno ya 2015 iko upande wa mteja: kisichoagizwa wala kuguswa hakilipiwi. Ukimega kipande kimoja, basi umeshanunua. Usipokitaka sema "não, obrigado" (mwanamke husema "obrigada") kiondolewe mapema, hakuna atakayenuna.

Kisha samaki. Ukiona €/kg kwenye orodha ya vyakula, hiyo bei ni ya kilo, si ya sahani. Tuseme kilo ni euro 50: samaki wa gramu 900 aliyekuvutia pale kwenye barafu ni euro 45 kabla ya maji na saladi. Mwombe mhudumu ampime mbele yako na akutajie bei kabla samaki hajapanda jikoni. Sardini wa kuchoma huwa wametoka baharini karibuni na wanono kuanzia Juni hadi Septemba hivi, na usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Anthony, vichochoro vya mtaa wa kale wa Alfama hujaa moshi wao. Ukiwaona sahanini Januari, jua wametoka kwenye friji.

Bacalhau ndiye ng'onda wao: chewa wa bahari za kaskazini, hasa Norway, aliyekaushwa kwa chumvi. Hulowekwa siku moja au mbili huku maji yakibadilishwa. Mpishi akiharakisha, chumvi hubaki ndani ya nyama na hakuna mchuzi utakaoificha. Anayemwonja mara ya kwanza aagize bacalhau à Brás: samaki aliyechambuliwa, vitunguu, viazi vyembamba vya kukaanga na mayai, juu zeituni. Mpenda pweza atafute polvo à lagareiro, wa kuoka kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, pamoja na viazi vilivyopondwa kidogo na maganda yake.

Sasa lile ambalo kurasa za safari hazigusi. Wareno huweka nguruwe mahali usipomtarajia. Supu ya caldo verde huonekana ni sukumawiki na viazi tu, kumbe kile kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe, kinachoelea mara nyingi kilichemshwa humo humo, kwa hiyo kukitoa kwa kijiko hakusaidii. Wali wa bata hupambwa kwa soseji hiyo hiyo. Bifana, ule mkate wa haraka wa mitaani, ni nguruwe mtupu. Kome na chaza huenda wamepikwa kwa mvinyo mweupe. Baadhi ya vitamu vya asili ya watawa hutiwa banha, yaani mafuta ya nguruwe, hivyo hata kwa keki uliza. Maswali matatu yanatosha: "Tem porco? Tem banha? Tem vinho?" ("tem" ni kuna, "porco" ni nguruwe). La mwisho halihitaji kufundishwa: vinho ndiyo iliyotupa mvinyo, kama mesa ilivyotupa meza, na igreja ya kwenye vibao vya makanisa ndiyo iliyogeuka gereza kwetu. Vyakula vya halali vipo vingi mitaa ya Martim Moniz, hasa Rua do Benformoso. Huko na kwenye migahawa ya Wamsumbiji utakuta chamuça; iume tu, utaijua ni sambusa.

Saa nazo zina taabu yake. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa tisa, na hapo ndipo prato do dia, sahani ya siku, huwa na bei ya kiungwana. Baada ya hapo majiko mengi hufungwa hadi saa moja au saa moja na nusu usiku. Anayezurura saa kumi na njaa yake huishia Baixa, katikati ya jiji, kwa wale wanaokuita barabarani na orodha ya picha mkononi. Migahawa midogo ya kifamilia mingi haifunguliwi Jumapili, na mingine haipokei kadi za nje, kwa hiyo beba noti. Mashine ya pesa ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Kiwango cha mashine hakikupendelei.

Tramu ya 28 watu huipanda Martim Moniz, wakasimama foleni saa nzima, kisha wakaibiwa mlangoni kwenye msongamano. Anzia upande wa pili, Campo de Ourique, kabla ya saa tatu asubuhi, utapata kiti. Mkitumia navegante, kadi ya nauli, kila abiria awe na yake. Mume na mke hawashei. Viatu viwe vya soli ya mpira, kwani mawe ya njia zao yakilowa huteleza kama sabuni.

Kwenda Belém, panda treni ya Cascais pale stesheni ya Cais do Sodré, ila iwe ile isimamayo vituo vyote. Ya haraka hupita bila kusimama. Jumatatu nyumba ya watawa ya Jerónimos hufungwa. Foleni ndefu ni ya tiketi za kuona ua wa ndani, lakini kaburi la Vasco da Gama liko kanisani, kushoto ukiingia, na kanisani hakuna kiingilio. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na mifupa yake ililetwa kutoka India. Ajabu kwamba waandishi wetu hulipita wakikimbilia vikeki vya krimu vya duka la jirani, vinavyouzwa tangu 1837. Huko nako, foleni ya mlangoni mara nyingi ni ya wanaonunua na kubeba. Wanaokaa hupita ndani, kuna ukumbi baada ya ukumbi. Yale madoa meusi juu si kuungua, ni moto mkali. Nyunyiza mdalasini, ule kingali cha moto.

La mwisho lilipaswa kuwa la kwanza. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ureno, ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima isipungue euro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Hotelini kuna kodi ya jiji, euro 4 kwa kila mtu kwa usiku hadi usiku wa 7, watoto walio chini ya miaka 13 wakisamehewa, na mara nyingi haimo katika bei uliyolipia mtandaoni.

Msomaji wenu,
Mombasa