Imeili kuwa na seva Uswisi haitoshi

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Siku hizi watu tunaambiana hamia imeili ya Uswisi au ya Ujerumani, huko data iko salama, basi mtu akishahama roho imetulia anaendelea kutuma kila kitu. Kuhama sipingi kabisa, mi mwenyewe nimehama, ila hilo swali la seva, yaani kompyuta inayohifadhi imeili, iko wapi tunaliuliza la kwanza wakati lilitakiwa liwe la tatu.

Angalia kesi ya Microsoft. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilikuja na hati ya mahakama ikitaka imeili za mteja mmoja ambazo zilikuwa zimehifadhiwa Dublin, Ireland, Microsoft wakagoma wakaenda mahakamani na 2016 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Sasa Machi 2018 Bunge la Marekani likapitisha sheria inaitwa CLOUD Act, kwamba kampuni iliyo chini ya sheria za Marekani ikiagizwa itoe data inatoa hata kama imezihifadhi nchi nyingine, na kesi ikafia hapo hapo. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni kampuni yenyewe inawajibika kwa mahakama za nchi gani, mashine zinaweza kukaa popote.

Na Uswisi nako mahakama zipo jamani! 2021 Proton, kampuni ya imeili ambao wako Geneva, waliamriwa na mamlaka za hukohuko Uswisi, baada ya polisi wa Ufaransa kuomba, warekodi anwani ya IP (namba inayoonyesha mtu kaingia mtandaoni kupitia wapi) ya mwanaharakati mmoja wa mazingira, wakairekodi na ikakabidhiwa, maana sheria ya kwao inawabana. Ila yaliyoandikwa ndani ya imeili zake hawakuyatoa kwa sababu yalikuwa yamefungwa kwa enkripsheni, yaani yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuyasoma kampuni haina. Hapo ndo penye swali la pili, na kwangu mimi ndo zito kuliko yote: kampuni yenyewe inaweza kusoma imeili yangu au haiwezi?

Tena hata hiyo enkripsheni ina mipaka yake. Kwa Proton ile sehemu ya mada pale juu haifungwi kama ujumbe wenyewe, Tuta, kampuni ya imeili ya Ujerumani, wao wanaifunga, sa mtu anaandika pale juu "Majibu ya vipimo vya mama" alafu anadhani amefichwa. Na ukimtumia mtu wa Gmail imeili ya kawaida, nakala yake inakaa Google, Uswisi yako haina cha kufanya.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inagusa mpaka kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Wanasheria, zahanati, shule, wote wanaoshika taarifa za watu wanatakiwa wajue imeili ya ofisi iko kwa nani, sio kuchukua tu ya bure iliyo karibu.

Ombi langu kwenu, mkichapisha anwani ya kupokea taarifa za siri kutoka kwa wasomaji, wekeni na mstari mmoja pembeni, inahudumiwa na kampuni gani, na kwamba jina la mtu lisiandikwe kwenye mada.

Msomaji wenu,
Morogoro