Mama hadeki

Dodoma, Julai

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwetu, ambako upepo wa Julai umeanza kuuma na kila jioni watu wanaota moto. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mama, mwenye kisukari cha miaka mingi, amemaliza miezi miwili ya mazoezi ya bega tangu aanguke, lakini mkono bado haupandi hata kujifunga kilemba, anachoka kabla ya saa nne asubuhi, miguu inamwaka moto usiku, na kaka zako wameanza kusema anadeka. Nakuomba uwaambie kwa heshima kwamba mama hadeki.

Nami niliwahi kukosea vivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya utengamao, yaani kuwarudishia wagonjwa uwezo wa mwili, nilimkemea mama mmoja aliyekuwa akilegea katika kila zoezi, nikaandika kwenye faili lake kwamba hana juhudi. Baada ya wiki kadhaa daktari alimpima homoni za tezi ya shingo, akakuta zimeshuka mno. Nilimwomba radhi, lakini wenzangu walikuwa wamekwisha kuyasoma maneno yale na kumchukulia hivyo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huiharibu mishipa ya fahamu pamoja na vimishipa vya damu vinavyoilisha, na mirefu kuliko yote, ile inayofika kwenye vidole vya miguu, ndiyo huumia kwanza. Kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni, ikapanda taratibu kama soksi inavyovutwa kuelekea goti, kisha mikono nayo ikafuata. Mguu uleule unaowaka usiku unaweza usihisi mwiba wa mgunga mchana. Sukari hiyohiyo hushikamana na nyuzi za mfuko unaolizunguka bega, zikakakamaa. Ndiyo maana bega huganda zaidi kwa wenye kisukari, na kulegea kwake huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, hata mgonjwa akijitahidi.

Tezi nayo ina njia zake. Ikitoa homoni chache, mtu huchoka, huhisi baridi, hupata choo kigumu, sauti hukwaruza, misuli hukaza, na bega huweza kuganda kwa sababu hiyo pia. Ikitoa nyingi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mwili hukonda, na mapaja hukosa nguvu hata kuinuka kwenye kigoda ikawa kazi. Msitulie kwa kuwa mama hana rovu. Tezi inaweza kuugua bila shingo kuvimba.

Kwa hiyo mwombeni daktari ampime wastani wa sukari wa miezi 3 na kipimo cha tezi kiitwacho TSH. Kwa kuwa ametumia metformin, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi, ulizieni pia vitamini B12, kwani dawa hiyo inaweza kuipunguza, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana sana na ile ya sukari, ila huu unatibika. Miguu nayo iguswe kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10, yaani unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu hiyo, kuona kama anauhisi, mama akiwa amefumba macho.

Kabla ya mazoezi mpimeni sukari, hasa kwa vile anachoma insulini. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha mmol/L, ale kidogo kwanza. Ikishuka chini ya 4, aache zoezi, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha apimwe tena baada ya dakika 15.

Jambo la miguu ndilo linalonitia hofu zaidi msimu huu. Tulimpokea mzee kutoka upande wa Bahi aliyekuwa akiota moto, akajua kwamba ameungua baada ya kusikia harufu. Mama asisogeze miguu karibu na moto, maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko au umpimie wewe, makatambuga ayaache avae viatu vilivyofunika vidole, na kila jioni mtu amtazame nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mwenye ganzi hawezi kutegemea maumivu yamwambie kwamba ana kidonda.

Sitakudanganya: mishipa iliyoharibiwa na sukari kwa miaka mingi mara nyingi hairudi kama zamani, ingawa sukari ikidhibitiwa uharibifu hupungua kasi. Bega, kwa upande wake, lina matumaini makubwa. Alifanyie mazoezi mara kadhaa kwa siku, kidogokidogo, bila kulilazimisha.

Majibu yakitoka, nitumie picha ya karatasi yenyewe, maana tarakimu za kusomeana kwa simu hukosewa. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Wako daima,
Rafiki yako wa Dodoma