Jicho la Baba

Manchester,
9 Novemba 2025

Wazazi wangu wapendwa,

Shikamoo Mama, shikamoo Baba. Mimi huku ni mzima, hofu ni juu yenu. Somoe, wewe ndiye unayewasomea, basi soma polepole na usiruke mahali, hata pale nitakapokutaja wewe.

Hela ya vibarua wa kuokota korosho nimeshaituma.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jicho la Baba. Somoe ameniambia kwamba msimu huu Baba anachambua korosho kwa kupapasa: anaokota moja moja, anaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo aseme hii daraja la kwanza, hii la pili. Nimesikia pia kwamba madaktari wa macho walipokuja Newala, Baba alitoka alfajiri kwenda shambani ili wasimkute. Kwenye simu ungenikatisha, Baba. Kwenye barua huwezi.

Kila siku nikienda kazini kwenye nyumba ya wazee napita Oxford Road kwa basi. Karibu na barabara hiyo, Agosti 1846, Charlotte Brontë, mwandishi wa riwaya wa huku Uingereza, alipanga vyumba ili amuuguze baba yake, mchungaji Patrick Brontë. Mzee alikuwa na miaka 69 na mtoto wa jicho. Kusoma hawezi, kwenye mimbari anaongozwa. Walitoka Haworth, kijiji cha juu milimani chenye upepo na ukungu, ungedhani uko Newala karibu na Shimo la Mungu. Mkewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia watoto sita wadogo.

Walimpasua jicho la kushoto bila ganzi. Dawa ya usingizi ilikuja kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu Oktoba mwaka uleule, kule Boston, Marekani. Yeye aliwahi miezi miwili mno. Robo saa nzima alivumilia. Charlotte alikuwamo chumbani kwa sababu baba yake alitaka awepo, akakaa kimya mpaka ikaisha. Kisha mzee akafungwa kitambaa machoni, akakaa kwenye chumba cha giza kwa wiki kadhaa, na siku nne za kwanza alilazwa asitikisike, asisemeshwe sana.

Sasa Mama, sikiliza hapa. Siku ileile ya upasuaji Charlotte alirudishiwa mswada wa riwaya yake ya kwanza, umekataliwa. Na jino linamuuma. Mji mgeni, baba yuko gizani, na nyumbani kaka yake anajiangamiza kwa ulevi. Ndipo akatoa karatasi akaanza riwaya nyingine. Hiyo ndiyo Jane Eyre, iliyotoka Oktoba 1847 kwa jina la bandia, Currer Bell, ili watu wasijue kama mwandishi ni mwanamke.

Nimeisoma mara mbili, zamu za usiku, wazee wangu wakiwa wamelala. Mwishoni mwanamume anayependwa na Jane anapofuka kwenye moto, na Jane anakuwa macho yake, anamsomea, anamweleza mashamba na mawingu yalivyo. Baada ya miaka miwili jicho moja linaanza kuona, na mwanawe wa kwanza anapowekwa mikononi mwake anamwona. Jicho moja, Baba. Anayeandika hayo alikuwa amekaa mlangoni pa chumba cha giza akingoja kujua kama jicho moja la baba yake litaona.

Kuna mahali nilishindwa kuendelea. Jane akiwa shule ya bweni, penye baridi na uji ulioungua, rafiki yake Helen anakufa kwa kifua kikuu, usiku, Jane amemkumbatia kitandani. Helen huyo ni Maria, dada mkubwa wa Charlotte. Maria na Elizabeth waliugulia shuleni wakafariki mwaka 1825, wakipishana wiki chache, mmoja ana miaka 11 na mwingine 10. Charlotte alikuwa na miaka 9. Wasomaji wengine walisema Helen ni mwema kupita kiasi, hawezi kuwa mtu wa kweli, naye akajibu kwamba alikuwepo na hakuongeza kitu. Nilifunga kitabu nikamkumbuka Dada Fatu, na ule mkeka tuliokuwa tunalala pamoja. Mama, tangu azikwe hatumtaji. Najua kwa nini, lakini mimi nataka atajwe.

Kwa hiyo Mama, usimgombeze tena Somoe kwamba anamaliza madaftari kwa hadithi. Charlotte na wadogo zake walianza na vitabu vidogo kama kiberiti, walivyoshona wenyewe kwa vipande vya karatasi. Alipokuwa na miaka 20 alimwandikia mshairi rasmi wa ufalme, Robert Southey, akajibiwa kwamba uandishi hauwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke. Ameandikiwa hivyo na mtu mkubwa kama yule, na bado aliandika. Somoe akitaka kuandika habari za Dada Fatu, mwache aandike. Na wewe mwambie yale nisiyoyajua mimi.

Baba, siku hizi wanatia ganzi, wanatoa lenzi iliyoingia ukungu, wanaweka nyingine ndogo safi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Bibi mmoja ninayemhudumia hapa alifanyiwa mwezi uliopita. Asubuhi yake alishika mkono wa sweta yangu akaniambia, "Kumbe ni ya kijani." Miezi yote alidhani nyeusi.

Mzee Patrick alipona jicho. Charlotte alimficha habari za riwaya mpaka ilipotoka, kisha akaingia chumbani kwake na kitabu mkononi. Mzee akakisoma peke yake mchana, kwa jicho lile. Jioni kwenye chai akawaambia binti zake: mnajua Charlotte ameandika kitabu, na ni kizuri kuliko nilivyotarajia?

Madaktari wakirudi, Baba, usiende shambani. Daftari la Somoe liko pale juu ya kabati, na hajamwonyesha mtu.

Mwanenu,
Asha