Msifute chapa za nyembe za kale

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi wanaonoa visu, pamoja na wenzangu wenye nyembe za kukunja za wazee wao, wasiiguse kwa msasa shingo ya wembe, palipopigwa chapa ya mfuaji.

Nimenyoa watu hapa Tanga kwa miaka 38, na wembe wa babu yangu ndio uliokuwa fahari ya kibanda changu. Mwezi Machi niliupeleka kwa fundi auondoe kutu. Alinirudishia ukimeremeta. Nilipougeuza nikatazama shingoni, pale penye chuma kinene karibu na msumari wa mpini, nikakuta pamekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Chapa imekwenda yote.

Ninachokumbuka ni taji, herufi mbili kushoto na kulia kwake, na chini neno Sheffield, mji wa wafua visu wa Uingereza. Herufi ya pili ilikuwa R. Ya kwanza siikumbuki, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wafua nyembe wengi wa Uingereza walipiga taji na herufi za mtawala wa wakati wao: ya kwanza ya jina lake, na R ya neno la Kilatini la mfalme au malkia. W na R ni William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi 1837. V na R ni Malkia Victoria, kuanzia hapo hadi 1901. G na R ni mmoja wa wafalme walioitwa George, na hapo inabidi uliangalie umbo la wembe ujue kama ni wa zamani za wale waliotawala hadi 1830 au wa hawa wa karne ya 20. Herufi moja ndogo kuliko punje ya mchele ingenitajia zama zake.

Nyumbani tuliuita wembe wa Mjerumani, kwa sababu babu alipewa na baharia wa Kijerumani bandarini kabla ya vita ya 1914. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 40 nilipoisoma chapa vizuri nikagundua kwamba ni kazi ya Sheffield, Uingereza. Babu hakutudanganya. Mtoaji alikuwa Mjerumani, mfuaji Mwingereza, na chapa humjua mfuaji tu.

Jina la nchi nalo lina habari zake. Ukiona England au Germany, mara nyingi wembe huo ni wa 1891 au baada yake, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko zionyeshe nchi zilikotoka. Lakini jina lisipokuwepo usikimbilie kusema ni wa kale zaidi; wembe ambao haukukusudiwa soko la Marekani haukubanwa na sheria hiyo. Na umri wa alama si umri wa wembe. Nyota na msalaba wa Malta wa kiwanda cha Joseph Rodgers & Sons ni alama iliyotolewa Sheffield mwaka 1682. Alama ya mapacha ya J. A. Henckels, wafua visu wa Solingen, Ujerumani, iliandikishwa 1731. Zote mbili ziliendelea kupigwa hadi karne ya 20. Kijana mmoja aliwahi kuniletea wembe wa mapacha akiutakia bei ya kitu cha karibu miaka 300, na chini ya mapacha hao pameandikwa Germany. Nilimwonyesha neno hilo taratibu, akaelewa.

Chapa ya shingoni hupigwa chuma kikiwa bado laini, kabla ya kuchomwa na kuzimwa ili kiwe kigumu. Ikishasuguliwa, basi. Hakuna wa kuirudisha. Kutu ya hapo itoeni kwa pamba na mafuta ya cherehani, mwache usiku kucha, asubuhi mfute kwa kitambaa. Maandishi yakiwa hafifu, pakeni unga wa chaki, futeni juu juu, kisha mmulike tochi kwa ubavu. Herufi zitabaki nyeupe. Ipigeni chapa picha kwa simu kabla wembe haujatoka mkononi mwenu. Mimi sikufanya hivyo, na simu nilikuwa nayo mfukoni.

Wembe wa babu sasa nausoma kwa mwili wake. Ni mzito, umekatwa kama kabari, mashavu yake hayakuchimbwa kama ya nyembe nyingi za mwisho wa karne ya 19. Mkia ni mfupi, mpini ni wa pembe nyeusi. Moyo wangu unaniambia W. Siwezi kumwapia mtu.

Kama kuna mzee aliyewahi kunyolewa na babu yangu au na mimi, akaushika wembe ule na akazikumbuka herufi zake, naomba anifikie kibandani au anijibu kupitia ukurasa huu.

Kinyozi wa Ngamiani,
Tanga