Kabla Hujamtia Mtoto Bwawani

Mwanangu Rehema,

Nimesikia mwezi ujao unampeleka mjukuu wangu kwenye mafunzo ya kuogelea. Miezi sita inafaa, shingo imeshakaza. Ila usilipe ada ukidhani atatoka huko anajua kujiokoa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mafunzo hayo yanapunguza hatari ya kuzama kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Yeye atayazoea maji. Anayefundishwa hasa ni wewe, namna ya kumshika.

Kagua bwawa kwanza. Maji yawe nyuzi 32 au karibu na hapo. Mabwawa mengi ya hapo Dar hayapashwi moto, yanategemea jua, kwa hiyo kipindi cha saa mbili asubuhi ndicho kibaya kuliko vyote, hasa Juni hadi Agosti. Omba saa kumi jioni: maji yameshashika joto na jua limepungua ukali. Nenda na kipimajoto, maana mkono wa mtu aliyetoka juani huyaona maji ya nyuzi 27 ni mazuri tu, wakati mtoto atatetemeka. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, ndiyo maana hupoa upesi.

Harufu kali inayochoma macho watu huidhania usafi. Kumbe ni klorini iliyokwisha kuchanganyika na mkojo na jasho. Muulize msimamizi vipimo vya siku hiyo: klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Kama hana daftari la vipimo, tafuta bwawa jingine. Na ukisimama ukingoni usipouona mfuniko wa bomba la kutolea maji sakafuni, kwenye kina kirefu, ujue maji yamechafuka, usiingie.

Pampasi ya kawaida hunyonya maji ya bwawa, ikavimba na kumvuta chini. Nunua ya kuogelea, na juu yake umvalishe kichupi cha kubana mapaja. Hiyo haizuii mkojo, inazuia choo tu, na hata choo kwa muda mfupi. Kwa hiyo mvalishe mkiwa mmeshafika, si nyumbani, la sivyo kiti cha gari kitalowa. Akishanyonya, subiri nusu saa au zaidi. Akishakula uji, saa nzima, asije akacheua majini.

Kaa naye kwenye ngazi, mlowanishe miguu, kisha tumbo, ndipo mshuke. Mshike chini ya makwapa, anakutazama, nawe upige magoti mpaka macho yenu yawe usawa mmoja. Kosa la kina mama wengi ni kumnyanyua nusu mwili nje: upepo ukipiga ngozi iliyolowa ndipo baridi inapomwingia. Mabega yake yabaki ndani ya maji. Kwa kuelea chali, kichwa chake kiegemee begani kwako, mikono yako miwili iwe chini ya mgongo wake. Wengi hawapendi chali. Akijikaza, mgeuze, mtajaribu siku nyingine.

Siku ya kwanza dakika 10 zinatosha, baadaye 20, na usizidishe 30. Midomo ikianza kuwa ya bluu au akitetemeka, toka hapo hapo, hata kama mwalimu hajamaliza wimbo wake.

Kuna walimu wanaopenda kumzamisha mtoto, picha ipendeze. Kataa. Ni kweli mtoto mchanga hubana pumzi maji yakimgusa uso, lakini hilo halimzuii kumeza. Akimeza mengi, chumvi ya damu hushuka na degedege huweza kumpata. Boya la shingoni pia achana nalo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasilitumie. Likipoteza hewa, mtoto huteleza katikati.

Akiharisha, hakuna somo wiki hiyo. Klorini haiui kila kitu upesi: kriptosporidiamu, kijidudu kimoja cha kuhara, huweza kuishi kwenye maji yaliyotiwa klorini vizuri zaidi ya siku 7. Akipimwa akakutwa nacho, mngoje wiki mbili baada ya kuhara kukoma.

Na huko nyumbani, karibu ataanza kutambaa. Ndoo ya chooni ni hatari kuliko bwawa lenye mwalimu, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito. Akitumbukia kichwa mbele hawezi kujitoa, na hapigi kelele. Imwage kila ukimaliza kufua, na pipa la akiba lifunikwe kwa mfuniko wa kubana.

Lipia kipindi kimoja kwanza, usilipe muhula mzima. Ukiona watoto zaidi ya kumi kwa mwalimu mmoja, au mwalimu ameshika simu, rudi nyumbani na hela yako.

Msalimie baba watoto.

Mama yako