Barua kwa mwanangu: dawa na zamu katika Pokémon FireRed

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na natumaini nawe u mzima na masomo yanakwenda vizuri. Katika barua yako umeniuliza kwa nini Lance, wa mwisho kati ya wale mabingwa wanne, anaendelea kukushinda katika Pokémon FireRed, mchezo wako wa video wa kupambanisha viumbe kwa zamu, ilhali mkoba wako umejaa Super Potion, dawa ya kurudisha uhai, na kwa kuwa uliniachia mchezo wenyewe hadi likizo, nimepata nafasi ya kuuchunguza kwa utulivu. Dawa unazo za kutosha. Tatizo ni saa unayochagua kuzitumia.

Anza na jambo ambalo mchezo hauelezi waziwazi: katika mashambulizi karibu yote, kiumbe aliyebakiwa na uhai 1 hupiga kwa nguvu ileile aliyokuwa nayo alipokuwa mzima kabisa. Mimi niliyezoea kuona wagonjwa wodini ilinichukua muda kulikubali hilo, kwa sababu mtu aliyeumia hunyanyua mkono kwa shida. Humu, uhai ni hesabu tu ya mapigo ambayo kiumbe anaweza kuyapokea kabla ya kuzimia. Kwa hiyo unapompa dawa humwongezei nguvu hata kidogo. Unamnunulia zamu za kuendelea kupiga, na kila dawa unayotumia ndani ya pambano inakula zamu moja, kwa sababu ukiitumia wewe, kiumbe wako hapigi, na adui bado anapiga.

Chukua kiumbe mwenye uhai wa juu kabisa 120, ambaye amebakiwa na 40, na adui ambaye kila pigo lake linaondoa 55. Ukimpa Super Potion, inayorudisha 50, atafika 90, kisha papo hapo atapigwa na kushuka hadi 35. Umetumia dawa, umetumia zamu, na umeishia chini ya pale ulipoanzia. Ukirudia, atafika 85 na kushuka hadi 30. Huko ni kutwanga maji kinuni, na nikisoma maelezo yako ya pambano naona ndicho ulichokuwa ukifanya hadi mkoba ukaisha. Hyper Potion, inayorudisha hadi 200, ingemrudisha hadi 120, pigo lingemwacha na 65, na hapo angebaki na nafasi ya kushambulia na bado kulistahimili pigo jingine. Kabla ya kufungua mkoba, basi, linganisha dawa na pigo linalofuata. Ikiwa pigo ni kubwa kuliko dawa, afadhali ushambulie, au umtoe kiumbe huyo na kumwingiza mwingine.

Hesabu hiyo inabadilika kabisa nje ya pambano, na hapa ndipo unapopoteza zaidi. Ukishamshinda Lorelei, bingwa wa kwanza, na kabla hujaingia chumbani kwa Bruno, kisha kwa Agatha, kisha kwa Lance, huruhusiwi kurudi nyuma kwenda kituo cha matibabu, lakini unaruhusiwa kufungua mkoba, na hakuna adui anayekusubiri umalize. Dawa iliyotumika hapo haigharimu zamu. Inagharimu fedha tu. Kwa hiyo hapo ndipo pa kutumia dawa ndogondogo, hata tatu au nne kwa kiumbe mmoja, na zile kubwa uziweke kwa ajili ya katikati ya pambano.

Kuhusu fedha zenyewe, nimepiga hesabu ambayo imenichekesha. Potion ya kawaida inauzwa 300 na kurudisha uhai 20, yaani 15 kwa kila uhai mmoja. Super Potion inauzwa 700 kwa uhai 50, yaani 14. Lakini katika mashine ya vinywaji iliyo juu ya paa la duka kubwa la mji wa Celadon, chupa ya maji baridi inauzwa 200 na inarudisha uhai 50 uleule, yaani 4 tu, na limonadi ya 350 inarudisha 80. Dukani watu wanalipia jina la dawa, na paani kinywaji cha bei rahisi kinafanya kazi ileile. Sitaki kuambiwa kwamba hilo halifanani na maisha.

Kituo cha Pokémon, kwa upande wake, kimebaki kama kilivyokuwa katika toleo la kwanza la mwaka 1996 huko Japani: muuguzi anapokea kundi lako lote, na baada ya sekunde chache uhai na idadi ya mashambulizi vimerudi, na hali mbaya kama kuungua au kupooza zimeondoka, bila malipo. Naona wivu kidogo. Usisahau hilo la idadi ya mashambulizi, maana Ice Beam, kwa mfano, huanza na mara 10 tu, na chupa ya limonadi haiongezi hata moja. Ukiitumia ovyo kwa Bruno, utamkuta Dragonite wa Lance huku huna cha kumpiga, ilhali barafu ndiyo inayomuumiza mara nne.

Nilisema kiumbe aliyejeruhiwa hapungukiwi nguvu, lakini kiumbe mwenye hali mbaya anapungukiwa kweli. Aliyeungua hukatwa nusu ya nguvu ya mashambulizi ya mwili. Aliyepooza hupunguziwa kasi na mara nyingine hushindwa kusogea. Aliyelala hafanyi chochote mpaka aamke. Dawa inayoondoa hali hizo mara nyingi ina faida kuliko ile ya kuongeza uhai, nawe umezidharau kwa sababu hazina tarakimu kubwa. Pia kuna shambulio la Rest, ambalo humlaza kiumbe kwa zamu mbili huku likimrudishia uhai wote na kumwondolea hali mbaya. Akiwa ameshika tunda la Chesto, tunda hilo humwamsha mara moja, na usingizi wa zamu mbili unafutika. Snorlax anajifunza Rest, kwa hiyo ukiwa naye mpe tunda hilo.

Revive isikudanganye. Inamwinua aliyezimia akiwa na nusu ya uhai, lakini ndani ya pambano inakula zamu moja, na kumwingiza uwanjani kwa hiari yako kunakula nyingine. Itumie kati ya chumba na chumba kila inapowezekana. (Kaka yako, anayecheza toleo la Gold la mwaka 1999, ana mitishamba ya kuinua aliyezimia kwa uhai wote, ila ni michungu, na kila akiinywa, upendo wa kiumbe kwa bwana wake unapungua. Golbat wake, anayehitaji upendo huo ili ageuke, hatakuwa Crobat kwa mwendo huo.)

Sasa Lance mwenyewe. Viumbe wake wanapenda kutumia Hyper Beam, pigo zito ambalo humlazimu aliyelipiga kukaa zamu nzima inayofuata bila kufanya kitu. Zamu hiyo ndiyo nafasi yako ya kutoa dawa bila kulipa chochote, na katika toleo hili anapumzika hata kama pigo limemzimisha kiumbe wako, kwa hiyo anayeingia badala yake anaingia salama. Lance naye ana Full Restore, dawa inayorudisha uhai wote, ambayo huitoa kiumbe wake anapokaribia kuzimia. Basi usimwache adui na uhai kiduchu. Ukiona amebakiwa na theluthi hivi, chagua pigo kubwa litakalommaliza kwa mara moja, hata kama dogo lingekuwa na uhakika zaidi wa kumpata.

Fedha ulizobakiza katika mchezo sijazigusa. Zinatosha limonadi nyingi, na Hyper Potion chache za 1200.

Mimi mama yako